Jina Lililokatazwa Bomani

Niliolewa katika boma la chifu mwaka wa uhuru, na watu wa kwetu Kosele wakaniambia nyota njema huonekana asubuhi. Boma lenyewe lilikuwa upande wa Migori, karibu na mto, na ng'ambo ya barabara palikuwa na kambi ya askari kanga, wale askari wa utawala waliokuwa macho na mikono ya chifu. Mume wangu alikuwa mwanawe wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyemwogopa baba yake kuliko radi. Mimi nilikuwa nimesomeshwa na masista kule Asumbi. Nilijua Kiswahili, nilijua cherehani, na nilikuwa na mdomo. Mama mkwe aliuona mdomo huo siku ya kwanza. Alinivuta jikoni akaniambia, bila ubaya wowote, "Binti wa Kosele, hapa kwetu mdomo ni wa kula ugali."

Nilikuwa na kaka mmoja wa tumbo moja, mkubwa wangu. Alikuwa mkalimani wa korti. Hakimu akisema kwa Kiingereza, yeye alimgeuzia mshtakiwa kwa Kijaluo; mshtakiwa akijibu, alimrudishia hakimu. Ilikuwa kazi safi, ya koti na viatu vyeusi, na mama yetu alijivuna nayo hadi majirani wakachoka. Kisha akaletwa bibi kizee mmoja aliyeshtakiwa kwa kupika chang'aa. Ulipika? Ni kweli, bwana. Uliuza? Ni kweli, bwana. Pombe ilikuwa ya jirani, na kijiji kizima kilijua hivyo. Lakini bibi alikuwa amelelewa kwamba ukiingia nyumba ya mtu humpingi mwenye nyumba mbele ya watu, na mle ndani mwenye nyumba alikuwa hakimu. Akafungwa. Alipokuwa akitolewa aligeuka, akamshukuru hakimu kwa kumpokea vizuri, akaomba ruhusa ya kwenda kuwafunga mbuzi wake. Kaka yangu ndiye aliyelazimika kuzitafsiri shukrani hizo. Alizitafsiri, akalikunja koti lake, na wiki hiyohiyo akaacha kazi.

Mama alilia kana kwamba tumefiwa. Kaka akanunua baiskeli kuukuu na kuanza kuzunguka masokoni. Leo yuko Kosele, kesho Rangwe, keshokutwa amefika Magunga kule karibu na pori la mbung'o, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa anakaa chini na wauza samaki na wauza vyungu akiwafundisha swali moja tu: "Nimekamatwa kwa kosa gani?" Basi. Alijua hawatakumbuka sheria, na yeye mwenyewe hakujidai wakili. Alivaa sufuria kichwani ikawa kofia ya askari, akashika mwiko ukawa rungu, akawakemea, nao wakafanya mazoezi ya kumwuliza. Mwanzoni walicheka hadi wakashika mbavu. Halafu waliuliza kwa sauti ya chini, wakitazama miguu yao. "Hapana, mama," alikuwa akisema. "Mtazame askari puani. Macho yanaogopesha. Pua haina neno."

Nilimtania sana kwa hilo. "Umevua koti la korti ukavaa sufuria," nilimwambia, naye akacheka lile cheko lake lililokuwa kubwa kuliko mwili. Lakini lile swali lilifanya kazi. Katika masoko kadhaa huko Kosele na jirani, askari walianza kuwaacha wanawake wapite, kwa sababu mtu aliyezoea kukamata ovyo akiulizwa kosa mbele ya watu huona haya, na haya ni mzigo hata kwa mwenye rungu.

Kwa baba mkwe wangu mambo hayakuwa hivyo. Siku ya soko askari walivuka barabara na kukamata wanawake waliobeba samaki kutoka ziwani. Huyu hakuja kuchimba barabara juzi, yule amejibu vibaya. Wakapelekwa kambini, hawapelekwi kortini, wakapalilia mahindi ya chifu hadi waume zao waje kuomba radhi kwa kosa wasilolijua. Samaki hawakuoza, usiwe na wasiwasi. Waliletwa jikoni kwetu, nami niliwapika.

Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Alivaa kaki iliyopigwa pasi na kofia ngumu nyeupe, akasema kwa sauti ya chini ili watu wainame kumsikiliza. Ndama akizaliwa usiku wa mvua, alikuwa anamkausha kwa shati lake mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mnyama. Ingenirahisishia kazi.

Kaka aliyazunguka masoko yote, la karibu na boma akaliruka. Nilijua sababu. Kwetu ndugu wa mke hapandishi sauti alikoolewa dada yake. Hata kula anakula kwa haya, na akiondoka anaondoka mapema. Heshima ya wakwe ikivunjika, anayeoga aibu ni yule dada aliyebaki bomani. Wanawake wa soko letu walilielewa hilo pia, wakavumilia. Mwishowe walichoka, wakatembea hadi Kosele, wakamwambia, "Mwana wetu, wengine umewafundisha. Sisi tumekukosea nini?"

Ndipo akaja kwangu. Nilikuwa nyuma ya ghala napepeta wimbi, mimba yangu imeanza kuonekana. Aliegemeza baiskeli, akakataa maji, akachuchumaa.

"Nyaminwa," alisema, yaani dada yangu, "nikisimama mbele ya mkweo barazani, wewe ndiye utakayebaki hapa ukitazamwa. Ukisema nisije, siji."

"Kama ulitaka kukatazwa ungemwuliza mama," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaokota punje za wimbi zilizoanguka, akazirudisha kwenye ungo moja moja. "Naogopa," akasema. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Hata mimi naogopa," nikasema. "Njoo umevaa koti."

Alikuja nalo. Siku ya baraza alisimama katikati ya umati kando ya soko, koti la korti limefungwa vifungo vyote katika jua lile, kofia mkononi. Mzee alikuwa mezani pake, askari nyuma yake. Mimi nilisimama na wanawake wa boma, mume wangu kando yangu.

"Jaduong'," kaka alisema, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, "nakusalimu kama mkwe, na naomba unisamehe kwa kusimama. Kuna wanawake kambini kwako tangu wiki iliyopita. Wamekamatwa kwa kosa gani?"

"Mkwe wangu, keti," mzee akasema.

"Nitaketi ukishanijibu, jaduong'."

 Kisha nyuma kabisa muuza samaki mmoja mzee, mwanamke mwenye kilemba cha kijani, akauliza kwa sauti kubwa, "Wamekamatwa kwa kosa gani, ruoth?" Ruoth ni chifu. Mwingine akarudia, na mwingine, na mwishowe lile swali likawa linatoka kila upande. Mzee hakupandisha sauti. Aliinua kidole, na askari wakaingia umatini.

Kaka yangu hakukimbia. Askari wa kwanza alipomshika mkono, alimwuliza kwa adabu, "Nimekamatwa kwa kosa gani?" Alikuwa anamtazama puani. Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nilishika kinywa changu nikaona wakimpandisha kwenye gari, koti likakwama kwenye mlango, naye akajiinamia kulinasua lisichanike.

Jioni hiyo wanawake wa kambini waliachiliwa kimyakimya. Yeye hakuachiliwa. Alipelekwa kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu waliokuwapo hawapo na majengo hayana hatia. Mama alikwenda na chakula, akarudi na chakula. Alikwenda tena, akarudi nacho tena. Mara ya mwisho aliambiwa aende hospitali ya Homa Bay, na huko akamkuta mwanawe ambaye hawezi tena kusema, na asubuhi akafa. Karatasi ilisema homa ya mapafu. Mama ndiye aliyemwosha, na alichoniambia sitakiandika chote. Homa ya mapafu haivunji vidole.

Mimi nililetewa habari na mume wangu. Alikuja mchana kutoka shuleni, jambo asilolifanya kamwe, akaniita nyuma ya ghala palepale. Kwetu msiba hutangazwa kwa nduru. Ukisikia umefiwa, unapiga nduru mahali uliposimama, majirani wanaipokea, na hivyo marehemu anajua ameliliwa. Nilifungua kinywa. Mume wangu akakiziba kwa kiganja chake, kiganja chenye chaki, huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka. "Baba amesema isisikike," alininong'oneza. "Bwana DO, mkubwa wake, yuko njiani. Nakuomba. Nakuomba." Nduru ilibaki kooni mwangu na ladha ya chaki.

Mazishini sikupelekwa. Mzee alisema mimba haisimami karibu na kaburi, na wanawake wa boma wakatikisa vichwa kukubali, maana neno hilo hata si la uongo, ila siku hiyo lilimfaa. Nilisikia baadaye kwamba polisi walisimama shambani kwa baba wakihesabu waombolezaji, kwamba pembe haikupigwa, kwamba ng'ombe hawakukimbizwa kama anavyostahili mwanamume aliyekomaa. Walimfukia haraka wakaambiwa watawanyike.

Lakini wanawake wa samaki hutembea mbali, na anayetembea huimba. Walilitia jina lake katika nyimbo zao za msiba, wakalibeba kutoka ziwani hadi sokoni. Basi mzee akaitisha baraza, akatangaza kwa sauti yake ya chini kwamba yeyote atakayelitaja jina lile hadharani atalala kambini. Hakusema kwa kosa gani. Bomani jina likafa kabisa. Mvuvi mmoja maskini aliyekuwa na jina hilohilo tangu kuzaliwa alianza kuitwa "yule mrefu".

Siku moja mzee alinikuta peke yangu nikianika nguo. Akasimama, akazungusha kofia yake mikononi. "Binti yangu," akasema, "mimi sikumwua."

"Sijakuuliza, baba," nikasema, nikaendelea kuanika.

Mtoto wangu alizaliwa mvua zikianza, msichana mwenye nywele nyingi. Akalia. Wote hulia, najua, nimezaa wengine baada yake. Huyu alilia akiwa ameshiba na akiwa na njaa, akilala usingizi wa kuku na kuamka akilia, hadi sauti ikakauka na akawa analia kama mlango mbovu. Baadaye akalikataa ziwa langu. Tulimpeleka zahanati Migori, wakampa dawa ya tumbo, akaitapika. Mapaja yake yakaanza kukunjamana. Nilimfunga mgongoni siku nzima nikihisi anavyozidi kuwa mwepesi, na hakuna kitu kilichowahi kunitisha hivyo, kabla ya hapo wala baadaye.

Kwetu mtoto akilia namna hiyo, wazee husema kuna mmoja wa waliotangulia amemjia na anataka jina lake. Hutajwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile litakalomtuliza ndilo lake. Masista wa Asumbi walitufundisha kwamba huo ni upuuzi, nami niliwaamini nusu. Lakini masista hawakuwahi kunyonyesha.

Mama mkwe na mashangazi walikaa uani wakaanza kutaja. Mama wa mzee. Baba wa mzee. Dada yake aliyekufa kwa ndui. Babu wa babu aliyepigana na simba, au aliyesema alipigana. "Kama ni wewe, nyamaza." Mtoto akalia. Kwa jina la shangazi mmoja alitulia, tukapiga vigelegele, kumbe alikuwa anavuta pumzi. Majina ya ukoo yakaisha, wakaingia ya majirani, hadi likabaki moja ambalo kila mtu pale uani alilijua na hakuna aliyelitazama. Msichana kubeba jina la mwanamume si ajabu kwetu, na mjomba anaweza kuja kwa mtoto wa dadake kama anavyokuja babu. Mashangazi wakakung'uta vumbi, wakasema wana mboga za kuchuma.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumnong'oneza mwenyewe. Nilimnong'oneza. Nilimwita jina la kaka yangu sikioni, mlango umefungwa, akazidi kulia. Jina halipewi kwa kunong'ona. Lazima bibi wa boma alitaje mchana, watu wakisikia. Nami nikilitaja kwa sauti, nilijua yatakayofuata: nitarudishwa Kosele, mume wangu atapoteza kazi, na mtoto, akiacha kunyonya tu, atadaiwa na boma, kwa sababu mtoto ni wa boma.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," mume wangu aliniambia.

"Na huyu?" nikamwonyesha mgongo wangu.  Alimshika mtoto kisigino kidogo, akakishikilia muda mrefu, kisha akaenda shule.

Siku hiyo hiyo Bwana DO mpya, afisa wa wilaya aliye juu ya machifu, alikuja. Alikuwa mgeni wilayani, mtu wa mbali asiyejua hata salamu ya Kijaluo, na mzee alimkaribisha barazani pa nyumba ya mabati kwa chai na mayai. Askari wawili walisimama chini ya ngazi. Mimi nilitumwa na birika, mtoto mgongoni, analia ile sauti yake ya mlango.

"Chifu, huyo mtoto ni mgonjwa?" DO aliuliza.

"Ni tumbo tu, bwana DO," mzee akasema. "Binti, mpeleke jikoni."

Sikwenda. Sijui kama nilikataa au miguu ndiyo iliyokataa. Nilisimama na birika likinichoma vidole, nikatazama kichwa cha mzee chenye mvi, nikajua nitalitaja. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

Mama mkwe akatokea jikoni. Mwanamke huyu hakuwahi kupanda ngazi zile wageni wakiwapo, tangu nyumba ilipojengwa. Alipanda. Alinifungua kitenge, akamtoa mtoto, akamwinua mbele ya watu wote kwa mikono miwili yenye unga. Akalitaja jina la kaka yangu, lake na la baba yake, lote kama linavyotajwa kortini. "Kama ni wewe uliyekuja," akasema, "umefika. Nyamaza unyonye."

Mtoto akanyamaza.

Huenda alichoka. Huenda ni ile kuinuliwa juu kwenye upepo. Nimeulizwa na wajukuu wanaosoma sayansi, na ninawajibu kwamba sijui na sitaki kujua. Alinyamaza, akageuza kichwa, akaanza kutafuta ziwa kwa mdomo kwenye mkono wa bibi yake. Askari mmoja alivua kofia, akakumbuka, akaivaa tena.

"Mama amesema nini?" DO aliuliza, akitabasamu.

Basi mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa na watu wa kumtafsiria, akalazimika kuwa mkalimani. "Amesema," akasema, akatulia. "Amesema mtoto amepata jina."

"Vizuri sana! Anaitwa nani?"

Mzee akashika kikombe, akakirudisha. Alimtazama mkewe, na sidhani kama alikuwa amemtazama hivyo kwa miaka.  Mama mkwe alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, na hakuwahi kukitumia mbele ya mkubwa yeyote.

"Bwana mkubwa," akasema, "hii mtoto anaitwa jina ya mjomba yake." Akalitaja tena, taratibu, ili mgeni alisikie vizuri. "Huyo alikufa. Alikuwa mtu ya kuuliza maswali."

"Jina zuri," DO akasema, akamega yai lake.

Jikoni mtoto alinyonya kwa pupa hadi akapaliwa. "Mama, hukuogopa?" nilimwuliza.

"Niliogopa sana," akasema, akirudi kwenye ugali wake. "Nilimtazama puani."

Sikumwuliza ni soko gani alikofundishwa.

Mzee hakunifukuza. Hakuweza. Kumnyang'anya mtoto jina lililomtuliza ni kumtakia kifo, na watu wote walijua jina limempata mbele ya serikali. Alichofanya ni kutolitaja. Alimwita mjukuu wake "mama", au "huyo", au alimpigia mluzi. Boma zima lilikuwa linaita jina la kaka yangu kutwa, njoo ule, njoo uoge, acha kuku, na mzee alipita katikati yetu kama mtu anayepita mvuani bila mwavuli. Na mtoto, kwa ukaidi aliotoka nao alikotoka, hakumpenda mtu mwingine kama babu yake. Alipojua kutembea alimfuata kila mahali, ameshika pindo la koti la kaki. Nilimwona mzee akimkatia muwa vipande vidogo vidogo, na moyo wangu haukujua upande wa kulala.

Sokoni amri ilibaki palepale. Wanawake waliendelea kuimba bila jina, wakifika mahali pake wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea.

Baraza moja, miaka ile ya sitini inakaribia kwisha, ilifanywa siku ya mnada wa ng'ombe. Nilisimama na wanawake wa boma, mume wangu kando yangu, mtoto amenishika kidole. Mzee alikuwa mezani akieleza habari za barabara. Upande wa pili lori la ng'ombe lilikuwa linarudi nyuma kwenye mteremko, dereva ametoa kichwa kwenye dirisha lisilofaa. Mtoto alimwona babu yake. Aliniponyoka, akakata njia fupi, na njia fupi ilipita nyuma ya lori.

Sikuwa na sauti. Nilikimbia, na nilijua sitafika.

Mzee alisimama, meza ikaanguka. Akaita. Akaita kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, jina la kaka yangu, lote, lake na la baba yake, na tena, na tena, hadi likagonga mabati ya maduka ya Waarabu ng'ambo ya uwanja. Mtoto alisimama. Alijua jina lake, ila hakuwahi kulisikia kwa mdomo huo, akageuka kutazama kwa mshangao. Lori likapita mbele ya pua yake likagonga kichuguu likazimika.

Mzee alifika kabla yangu. Kofia ilikuwa imeanguka huko nyuma, mvi zake ziko nje, anamkumbatia mtoto na kumpapasa mikono na miguu kama anayemtafutia mfupa uliovunjika.  Askari walitazamana. Kisha yule muuza samaki mwenye kilemba cha kijani akasogea mbele, bila haraka, na kikapu chake kichwani.

"Ruoth," akasema, "umelitaja. Sasa askari wakukamate kwa kosa gani?"

Mmoja alicheka, na mwingine, kicheko cha woga kwanza. Mimi sikucheka. Niliwatazama wale wawili, mzee na mtoto, na kile kitu kilichokaa kooni mwangu tangu nyuma ya ghala kikapanda. Mume wangu alikuwa amenifikia. Niliuona mkono wake wa chaki ukiinuka. Nilimtazama. Mkono ukaendelea kupanda hadi kichwani, akavua kofia yake.

Nikapiga nduru. Niliipiga kwa jina lake, kwa sauti yote, na wanawake wa samaki wakaipokea, na waliokuwa barabarani wakaipokea, hadi nikaisikia ikienda upande wa ziwa. Mzee hakuinua kidole. Alisimama pale bila kofia, mtoto mikononi, akatungoja tumalize.